Picha ya kadi iliyovuja: ni ya kweli mpaka ithibitike feki, au ni feki mpaka kampuni iseme?

Mchezaji, Upanga (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Tangu Ijumaa usiku kuna picha mbili zinazunguka kwenye magrupu ya wacheza Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi, hapa Dar, zinadaiwa kuvuja kutoka seti ijayo, yaani toleo jipya la kadi ambalo bado halijatoka. Ya kwanza ni kadi ya bluu, imelala juu ya meza ya mbao, inang'aa, kila kitu mahali pake, na uwezo wake ukiusoma unatamani kuuza kiwanja. Ya pili ni picha mbovu. Giza, kidole gumba kimefunika robo ya kadi, na fremu yenyewe haifanani na chochote tulichowahi kushika. Mpaka Jumamosi mchana watu walikuwa wameshaikubali ya kwanza na kuicheka ya pili. Jioni yake muuzaji mmoja akaanza kupokea advansi ya Sh 100,000 kwa boksi la pakiti za seti hiyo, kwa nguvu ya ile picha nzuri.

Mimi nasema tumeshika kisu kwenye makali. Kadi kuwa ngeni machoni hakuifanyi iwe feki. Anayetengeneza feki anataka aaminiwe, kwa hiyo atakupa kitu ulichokizoea na unachokitamani. Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo, hawahitaji wewe uwaamini, wanachapa wanachotaka.

Wakongwe mnakumbuka mwishoni mwa 2015. Ilivuja picha ya kadi ya Kozilek, the Great Distortion, pamoja na kadi ya ardhi, zile za kulipia kadi nyingine, inayoitwa Wastes. Kwenye gharama ya kuicheza Kozilek kulikuwa na alama ya almasi ambayo mchezo haukuwahi kuwa nayo tangu uanze 1993. Na ardhi ya msingi isiyo na rangi yoyote! Watu wengi wakasema hiyo chai, kuna mtoto kajifunza kuedit picha. Januari 2016 seti ya Oath of the Gatewatch ikatoka na almasi yake, na mpaka leo tunaitumia kwenye deki zetu kana kwamba tumezaliwa nayo.

Sasa turudi kwenye kadi ya bluu. Uwezo wake sikuujali, nikaenda moja kwa moja kona ya chini kushoto, pale penye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma: namba ya kadi, herufi ya uadimu, kifupi cha seti, lugha, jina la mchoraji. Katika seti za kawaida za Magic kadi hupangwa kwa rangi, nyeupe kwanza, kisha bluu, nyeusi, nyekundu na kijani, na ndani ya kila rangi majina hufuata alfabeti. Kampuni imeshaonesha rasmi kadi mbili za bluu za seti hii. Namba 61 jina lake linaanza na K. Namba 70 linaanza na R. Kadi yetu ya meza ya mbao ni namba 66, na jina lake linaanza na D.

D imekaaje kati ya K na R? Hata daftari la mahudhurio la darasa la tatu haliendi hivyo.

Kuna na lingine. Maandishi yake yanasema "enters the battlefield", yaani inapoingia uwanjani. Tangu seti ya Bloomburrow, mwaka 2024, kadi mpya zinaandika "enters" tu, basi. Huyu bwana amejifunza kuandika kadi kwa kusoma kadi za zamani.

Kwa hiyo tuamueni, picha ikija ianze na hadhi gani? Nawasilisha.

Mwenye mzigo, Sinza

Mkuu, muuzaji unayemsema ni mimi, kwa hiyo nijibu mwenyewe. Kwanza sijamlazimisha mtu. Pili, hoja zako mbili zote zina tundu.

Hilo la alfabeti ni kweli kwa kadi za kawaida. Lakini siku hizi kila seti ina kadi zenye fremu maalumu, na hizo zina mfululizo wao wa namba. Umelitaja? Hujalitaja. La maandishi ndiyo dhaifu kabisa, maana kampuni yenyewe inakosea. Walking Atlas ya Worldwake, 2010, ilichapwa bila neno "Artifact", aina ya kadi, wakati yenyewe ni artifakti. Corpse Knight ya 2019 nyingine zilitoka na namba za nguvu na uimara 2/3 badala ya 2/2. Kwa kipimo chako hizo zote ungezitupa jalalani, na ni halali zimetoka kiwandani.

Sisi wenye kuagiza hatuwezi kusubiri rasmi. Mzigo wangu unaletwa na mtu kutoka Dubai, akishafunga begi ameshafunga. Nikisubiri mpaka kampuni itangaze kila kadi, bei imeshapanda na nyie nyie mtakuja kunilaumu kwamba nauza ghali.

Mchezaji, Upanga

La Walking Atlas umenipiga, nakubali. Kosa la maandishi peke yake halitoshi kumfunga mtu.

La namba sikubali. Hizo kadi za fremu maalumu huhesabiwa baada ya seti kuu kuisha, huko kwenye mia mbili na kuendelea. Hii yako ni 66 na fremu yake ni ya kawaida kabisa. Labda kampuni imeamua mwaka huu alfabeti ianze na K.

Mchapaji, Kariakoo

Naomba niingie, ingawa mimi sichezi, anacheza mdogo wangu. Kazi yangu ni kuchapa kadi za michango ya harusi, na wateja wangu wengi wanakuja na picha iliyokatwa huku ikabandikwa kule, wanataka nisijue. Najua.

Kwanza hizo picha mlizokuwa mnabishania zimepita WhatsApp mara ishirini. Kila ikipita inabanwa, na taarifa za kamera na tarehe zinafutwa. Hapo hata mimi naona ukungu tu. Nikamwambia dogo amtafute aliyeituma mwanzo, atume kama dokumenti, siyo kama picha. Ikaja jana usiku.

Nikaikuza. Meza imepigwa kwa upande, mpigaji amesimama akainamisha simu. Mistari ya mbao inasogeleana kadiri inavyokwenda mbali, kama reli. Kadi halisi ni milimita 63 kwa 88, ikilala juu ya meza hiyo lazima ukingo wake wa juu uonekane mfupi kuliko wa chini. Nikaweka rula kwenye skrini. Juu na chini ni sawasawa. Meza inakimbia, kadi haikimbii. Tena mbao za mbali zina ukungu wa kamera ya simu, lakini jina la kadi, ambalo liko upande huo huo wa mbali, limenyooka kama limetoka kwenye mashine sasa hivi. Hiyo kadi haijawahi kulala juu ya meza hiyo wala nyingine yoyote. Imebandikwa.

Ile ya kidole gumba ni kitu kilichoshikwa kweli. Kivuli cha kidole kinaanguka juu ya kadi na kinajikunja pale kadi ilipojikunja. Ila msishangilie. Kitu cha kweli mkononi si lazima kiwe kadi ya kweli. Nipe faili na kadi ya zamani ya kubandikia, nusu saa nakutolea. Ukiniletea kadi yenyewe hapa dukani naweka lenzi. Maandishi meusi ya kiwandani ni meusi mfululizo, ya kunakili yana vidoti vya rangi ndani ya herufi. Lakini lenzi haipimi picha.

Mkazi, Kimara

Huku tuna siku ya tano bila maji, nyie mnapima kadi kwa rula. Mungu awabariki.

Mchezaji, Upanga

Amina, kaka. Pole na maji.

Jaji mstaafu wa mechi za Jumapili, Mikocheni

Mchapaji shikamoo hata kama umri wetu unalingana, umefanya kazi.

Mimi naangalia kitu ambacho hamjakigusa: imekuja na nani? Kadi haitoki kiwandani peke yake. Mwaka 2011 seti ya New Phyrexia ilivuja orodha nzima kabla ya wakati, kwa sababu gazeti moja la mchezo Ufaransa lilipewa faili mapema ili liandae uchambuzi, na faili likasafiri. Mwaka 2018 maelezo ya sheria za seti ya Dominaria yaliwekwa kwa bahati mbaya kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwa Kichina. Hakukuwa na picha za kadi, ni maandishi matupu, na kampuni ikaishia kutoa ya Kiingereza rasmi ili yaishe. Mwaka 2023 jamaa mmoja Marekani aliuziwa maboksi ya seti ya March of the Machine: The Aftermath kabla ya siku yake, akayafungua mbele ya kamera, na kampuni ikampelekea watu wa Pinkerton, wapelelezi binafsi, mlangoni.

Milango hiyo ni mitatu tofauti kabisa, lakini angalia kilichotoka. Kila mara kadi kali zilitoka pamoja na makapi. Vikadi visivyo na maana, vya kuwekea alama kitabu. Mwizi wa kweli anavujisha na takataka kwa sababu anavujisha alichokikuta. Mwenye feki hana muda wa kubuni kadi mbovu thelathini, anatengeneza moja, tamu, na anakupa Ijumaa usiku wakati hakuna mtu ofisini wa kumkanusha.

Ndiyo maana nampinga mleta mada kidogo. Namba na maandishi ni vizuri, lakini mjanja akisoma uzi huu kesho ataweka namba sahihi na ataandika "enters". Kutengeneza makapi ndiko kutamshinda.

Jingine, ambalo vijana mnalipuuza. Uvujaji ule wa Oath of the Gatewatch majaji kadhaa walisimamishwa kuhusiana nao. Unayesambaza bila kuuliza umeshakuwa sehemu ya njia iliyopita.

Mchezaji, Upanga

Mkuu, hilo la makapi sikuwahi kulifikiria, na linanisumbua, kwa sababu ile ya kidole gumba nayo ilikuja peke yake.

Jaji mstaafu, Mikocheni

Ndiyo. Kwa hiyo siiamini. Lakini siicheki pia.

Mama Junior, Mbezi Beach

Habari zenu. Mimi nimeingia huku kwa sababu ya mwanangu wa miaka kumi na moja, yeye ni wa Pokémon. Mwezi uliopita alinionesha picha ya Pikachu inayosemekana haijatoka, nikakubali kumwekea hela kwa mtu. Siku mbili baadaye ni yeye huyo huyo alikuja kuniambia, "Mama, wametupiga." Nikamuuliza umejuaje. Akanionesha neno Pokémon kwenye maandishi ya kadi, e yake haina kile kimkwaju cha juu. Kisha akanionesha chini kushoto kwamba kuna kiherufi kidogo ambacho kadi za sasa wanakiweka kuonesha inaruhusiwa mashindano gani, na hapo hakipo.

Tukaambiwa eti ni kwa sababu imetafsiriwa kutoka Kijapani. Ni kweli?

Jaji mstaafu, Mikocheni

Dada, inawezekana na ndipo penye mtego. Kadi za Pokémon kwa kawaida hutoka Japani kwanza, kwa hiyo ya Kijapani mara nyingi imeshaoneshwa rasmi, wala haijavuja. Mtu anaichukua, anaitafsiri, anaivika fremu ya Kiingereza kwa programu, anasema imevuja. Kadi ipo. Picha ndiyo haipo. Kijana wako hakukosea hata kidogo, na kama yuko huru Jumapili mlete mezani.

Mwenye mzigo, Sinza

Nimesoma yote. La rula sina jibu, nimejaribu na mimi kwenye laptopu, ni kweli juu na chini ni sawa.

Lakini muelewe upande wangu. Picha sikuitengeneza, nilitumiwa kama nyie. Na boksi ni boksi, lina kadi nyingine humo ndani. Katika watu kumi na mmoja waliolipa nimewapigia saba mpaka sasa. Watano wanasema wanataka boksi lao hata kama hiyo kadi haipo. Wawili nimewarudishia leo. Tangazo nimeshalitoa ile picha, nimeweka bei na tarehe ya mzigo tu.

Kama kanuni ndiyo hiyo, iwe kwa wote. Kuna mwenzangu mmoja hapa hapa mjini anapokea advansi kwa picha ya kidole gumba tangu asubuhi, na yeye hamjamgusa.

Mchezaji, Upanga

Una haki. Basi kwangu mimi kanuni ni kwamba picha tunaijadili kama inawezekana, ila hela haitoki kwa picha. Anayepokea advansi auze boksi, asiuze kadi iliyomo ndani yake. Huyo mwenzako aje hapa na faili, kama dokumenti.

Na advansi zangu mbili nilizokulipa, futa moja. Boksi la mdogo wangu liache, yeye hajawahi hata kuiona hiyo kadi ya bluu, anapenda kufungua pakiti tu.

Mama Junior, Mbezi Beach

Mchapaji, samahani, ile Pikachu ninayo bado kwenye simu. Nikutumie uiangalie? Junior anataka kujua kama na kivuli chake ni cha uongo.

Mchapaji, Kariakoo

Tuma, dada. Kama dokumenti.