Anime za mashabiki: nifungue michango ya kila mwezi au bado?

Mchoraji_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Morogoro, nachora vipande vifupi vya anime (katuni za mtindo wa Kijapani) kwa Krita, programu ya kuchorea, wahusika ninaowapenda tangu sekondari. Cha mwisho kina sekunde 6, kimenichukua majuma matano. Watu wanauliza, "Tunakuchangiaje?" Nataka kufungua ukurasa Patreon, tovuti ya kuchangia wasanii kila mwezi, lakini nafsi inasita. Nitamtoza mtu kila mwezi kwa sekunde 5 au 6 tu? Na wahusika wenyewe si wangu. Mliotangulia, naombeni ushauri.

BintiLikoni:
Mdogo wangu, uchungu wa sekunde 6 naujua. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Hata kila mchoro ukikaa fremu mbili, hapo una michoro 72, na rangi bado. Wapenzi wa anime wanalielewa hilo, usiwaonee haya.

Mimi mwaka wa kwanza nilikosea. Kipande kizima nilikifungia wanaolipa, nje nikaacha vijisehemu. Nilibaki na wachangiaji wanne, mmoja binamu yangu. Nikageuza: kilichokamilika kinakwenda YouTube bure, wachangiaji wanapata ya jikoni. Michoro ya penseli, faili lenye leya zote (tabaka za mchoro), na sauti yangu nikieleza kwa nini mkono mmoja nimeurudia mara tisa.

Kuna mwezi nilitoa sekunde 3 tu: msichana ndani ya feri ya Likoni, upepo unampeperusha leso (kanga). Ncha ya leso ilinishinda kabisa, ikawa kama karatasi. Nikashuka feri na simu, nikarekodi leso yangu mwenyewe pale ukingoni. Kumbe ncha huchelewa: bega limeshageuka, yenyewe bado inakwenda kule ilikokuwa ikielekea. Niliweka video ile, michoro iliyoharibika na iliyokaa sawa. Hakuna chapisho lililoniletea wachangiaji wengi kama lile.

Kuhusu wahusika, usiuze cha mtu. Mwenye hakimiliki akilalamika, unaweza kuupoteza ukurasa na watu wako wote. Za shabiki zitoe bure, zikutambulishe. Mchango uombe kwa mhusika uliyemzaa mwenyewe. Marehemu Monty Oum, mtengeneza katuni wa Marekani, alijulikana kwa video za shabiki mwaka 2007, na 2013 akaja na RWBY, mfululizo wa katuni wenye ulimwengu wake mwenyewe.

Fundi_Fremu:
Naongeza la pesa. Ukifungua sasa, Patreon inakata asilimia 10 ya michango, mbali na gharama za malipo. Waambie watu wajiunge kwa kivinjari, maana kupitia programu ya iPhone Apple inaweza kuchukua hadi asilimia 30.

Mchoraji_Moro:
Dada BintiLikoni, asante sana. Nina mhusika wangu, kijana muuza machungwa stendi ya Msamvu, nimemficha daftarini miaka miwili. Anakimbiza basi na beseni kichwani. Machungwa nayo yachelewe kama leso?

BintiLikoni:
La juu kabisa ndilo lichelewe zaidi, ya chini yamebanwa na beseni. Nichoree fremu 12 za kwanza, uzilete hapa niziangalie.