Goti la mama: bwawani, baharini au fizio ya kawaida?

Kijana wa Tabata: Wakuu salaam. Mama goti linamsumbua, daktari kasema afanye mazoezi. Wengine wanasema nimpeleke bwawani, wengine baharini maana ni bure, dada yangu anataka aendelee na fizio ya hospitali, yale mazoezi ya tiba. Nalipia mwisho wa mwezi. Kipi bora?

Shangazi Chumbageni: Linamsumbua vipi? Kaanguka, limesagika, au kapasuliwa? Ana umri gani? Presha, moyo? Mwanangu, hujasema kitu.

Mpiga Kasia: Baharini, mkuu. Maji ya chumvi yanavuta maumivu.

Fizio Mtaani: Chumvi haivuti chochote. Kinachosaidia ni maji kuubeba mwili. Yakifika kiunoni, miguu inabeba kama nusu ya uzito. Yakifika kifuani, kama theluthi. Ndiyo maana mtu anayelia akikatiza sebule, humo ndani anatembea. Maji pia yanakinza, na ukisukuma kwa kasi yanakinza zaidi, basi paja linapata nguvu bila kunyanyua chuma. Yanabana uvimbe pia. Ila mbano huohuo unarudisha damu nyingi kifuani, kwa hiyo mwenye moyo dhaifu asizame mpaka shingoni kabla ya kumuuliza daktari wake. Na kidonda kibichi, hapana.

Mama Wawili: Bwawa lipi lakini? Mume wangu alivunjika mguu kwa bodaboda, plasta ilipotolewa tukalipia bwawa la hoteli moja huku Arusha, mwezi mzima. Julai! Maji ya barafu, misuli ikakaza badala ya kulegea. "Mtaalamu" kumbe anafundisha watoto kuogelea, akamwambia apige mateke ya chura. Goti likavimba usiku uleule. Kutoka sasa: ngazi ya chuma imesimama wima, mguu haukunji, wahudumu wawili wa mgahawa wakaja kumvuta kwapani, vigae vinateleza, wageni wanatazama. Hela hawakurudisha.

Mpiga Kasia: Hiyo ni baridi ya Arusha. Bahari yetu ina joto.

Fizio Mtaani: Mabwawa ya tiba huwa nyuzi 33 hadi 36, ya kuogelea kawaida 26 hadi 28. Franklin Roosevelt, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipopooza miguu alizipenda chemchemi za Warm Springs kwa sababu maji yalitoka ardhini na joto lake. Mwaka 1926 akapanunua kabisa.

Mpiga Kasia: Na akafa bado anatumia kiti cha magurudumu.

Fizio Mtaani: Nani kasema alipona? Alipata nguvu. Usichanganye.

Shangazi Chumbageni: Acheni Roosevelt. Mama wa watu atavaa nini? Bwawa lina saa za wanawake?

Kijana wa Tabata: Samahani, nilikuwa kazini. Ana 61, goti limesagika, hajapasuliwa. Na kisukari anacho.

Mama Wawili: Kisukari ndiyo unasema sasa?

Fizio Mtaani: Nyayo zina ganzi? Kama zinayo, baharini peku futa, atakanyaga mwiba asijue. Hata bwawani avae viatu vya maji, umkague miguu akitoka. Na fizio ya nchi kavu asiiache, ngazi za nyumbani hazimo majini.

Mpiga Kasia: Viatu hata baharini vinavaliwa. Aangalie tu bamvua, siku za kupwa sana, maji yakitoka atayafuata mpaka achoke.

Kijana wa Tabata: Ganzi sijamuuliza.

Mgeni Ilala: Mimi ni kiuno. Hayo maji ya nyuzi 33 hapa Dar yako wapi, na bei?