Majaribio ya STK Push: kazi zipi za kila siku niziachie mashine, na zipi nibaki nazo mwenyewe?

Mjaribu_Mombasa aliuliza:

Ndugu zangu, hamjambo. Kazi yangu ni kujaribu programu katika kikundi kidogo kinachotengeneza mfumo wa kupokea karo za shule. Mfumo wetu umeunganishwa na M-Pesa kupitia Daraja, yaani zile API (njia za programu kuzungumza na programu nyingine) za Safaricom, na sehemu tunayoitegemea kuliko zote ni STK Push: mzazi huingia kwenye tovuti ya shule, huandika kiasi anachotaka kulipa, simu yake humwonyesha kidirisha cha kuweka PIN, na akishaiweka, deni la mtoto hupungua katika daftari la shule.

Kila asubuhi, kabla wenzangu hawajaanza kuingiza mabadiliko mapya, mimi hupitia visa 23 vya majaribio kwa mkono. Huanza kwa kuomba tokeni, yaani kibali cha muda cha kutumia API, ambacho hudumu sekunde 3,599 tu, kwa hiyo katikati ya kazi hunibidi kukiomba tena. Kisha hutengeneza nywila kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo na muda wa tarakimu 14, na kuigeuza kuwa Base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida. Hutuma ombi kwa Postman, programu ya kujaribia API, hunakili CheckoutRequestID (namba ya kulitambulisha ombi) kwenye karatasi, husubiri mrejesho, yaani taarifa ya matokeo kutoka Safaricom, ufike kwenye seva yetu, hufungua hifadhidata kuona kama malipo yameandikwa, na mwisho hujaza lahajedwali. Shughuli hii hunichukua karibu saa mbili, na nifikapo kisa cha 15 macho huwa yamekwisha kuchoka. Wiki iliyopita niliandika "sawa" mbele ya kisa ambacho malipo yaleyale yalikuwa yameingia mara mbili. Aliyeligundua kosa hilo ni mhasibu wa shule, na jambo hilo limeniuma sana.

Nimejaribu kuandika skripti inayotuma maombi yote 23 mfululizo na kukagua kwamba kila jibu lina msimbo 200, yaani seva imelipokea ombi bila kosa. Visa vyote vilipita siku mbili mfululizo, hata siku ambayo mwenzangu alikuwa ameizima kwa makusudi sehemu yetu inayopokea mirejesho. Skripti hiyo basi haikagui kile ninachokihitaji. Naomba mnielekeze nianzie wapi, na mnisaidie kutenganisha kazi zinazofaa kuachiwa mashine na zile zinazohitaji mtu. JavaScript naijua kidogo, Python naijua zaidi kidogo.

Fundi_Violesura alijibu:

Pole kwa lililokupata, na mshukuru sana huyo mwenzako aliyeizima ile sehemu, kwa maana amekuonyesha mapema jambo ambalo wengine hulijua baada ya fedha za watu kupotea.

STK Push ina majibu mawili, na skripti yako ilikuwa ikilisoma la kwanza peke yake. Jibu la kwanza hurudi papo hapo likiwa na ResponseCode yenye thamani 0, na maana yake ni kwamba ombi limepokelewa ili lishughulikiwe. Wakati huo mzazi hajabonyeza hata tarakimu moja ya PIN. Jibu la pili huja baadaye kwenye anwani mliyoitaja ndani ya ombi, nalo ndilo lenye ResultCode: 0 ikiwa amelipa, 1 ikiwa salio halikutosha, 1032 ikiwa ameghairi, na 1037 ikiwa simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu. Jaribio lolote la malipo linaloishia kwenye jibu la kwanza halijajaribu malipo.

Sasa tuje kwenye kazi zako. Tokeni, nywila, kunakili namba na kujaza lahajedwali ni kazi za utumishi, hazina uamuzi wowote ndani yake, na unaweza kuzitoa mikononi mwako wiki hii hii. Katika Postman unaweza kuweka skripti inayotangulia kila ombi: inaangalia tokeni iliyohifadhiwa ina umri gani, na ikiwa imepita sekunde 3,000 inaomba nyingine kabla ya kuendelea, ili isikuishie njiani. Skripti hiyohiyo itengeneze muda wa tarakimu 14 na nywila, na ihakikishe kwamba muda uliomo ndani ya nywila ni uleule uliotajwa katika ombi, kwa kuwa vikitofautiana hata kwa sekunde moja vitu hivyo viwili havioani tena. CheckoutRequestID nayo ihifadhiwe kwenye kigeu mara tu jibu linapofika. Karatasi uitupe.

Jambo zito ni mirejesho, na hapa ndipo ningekusihi utumie nguvu zako nyingi. Usisubiri mirejesho halisi ili kuijaribu programu yenu. Chukua mirejesho michache iliyowahi kufika kwenye seva yenu, badilisha namba za simu na namba za risiti ili isiwe ya mtu yeyote, ihifadhi kama faili za JSON (maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani), kisha uitume wewe mwenyewe kwenye anwani yenu ya kupokelea. Kwa njia hiyo huhitaji simu, huhitaji intaneti, na visa vyote vinaweza kwisha kwa sekunde chache. Ukiziangalia faili hizo kwa makini utaona kwamba mrejesho wa malipo yaliyofaulu una sehemu iitwayo CallbackMetadata, ambayo ndani yake mna orodha ya vitu, kila kimoja na Name yake na Value yake: Amount, MpesaReceiptNumber, TransactionDate, PhoneNumber. Mrejesho wa mzazi aliyeghairi hauna sehemu hiyo kabisa. Programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba sehemu hiyo ipo siku zote itaanguka mara ya kwanza mzazi anapobonyeza "ghairi", na programu inayochukua kitu cha kwanza katika orodha badala ya kukitafuta kwa jina lake iko hatarini vilevile.

Kwa kuwa umeumizwa na malipo yaliyoingia mara mbili, anza na kisa hicho. Tuma mrejesho mmoja mara mbili, kisha tuma miwili inayofanana kwa wakati mmoja hasa, na ukague kwamba kuna safu moja tu katika jedwali la malipo na kwamba deni la mwanafunzi limepungua mara moja. Kinga yake iwekwe kwenye hifadhidata yenyewe, kwa kuilazimisha namba ya risiti isijirudie, kwa sababu programu inayouliza kwanza "risiti hii ipo?" na kuandika baadaye huacha upenyo mdogo katikati, na mirejesho miwili iliyofika pamoja hupita humohumo. Kisa kingine ambacho watu hukisahau ni mrejesho unaofika kabla programu yenu haijamaliza kuhifadhi CheckoutRequestID. Programu husema hailijui ombi hilo na kuutupa mrejesho, na mzazi aliyelipa huonekana bado anadaiwa.

Kwa vile visa vichache ambavyo lazima vipite kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja, usiweke subira isiyobadilika. Nimeona skripti zinazolala sekunde 30 kwa kila kisa; visa 14 vya namna hiyo hupoteza dakika 7 za kulala tu, na bado mrejesho ukichelewa hadi sekunde ya 31 kisa huanguka. Afadhali skripti iulize hifadhidata kila sekunde, isonge mbele mara inapopata jibu, na iwe na kikomo cha sekunde 60, tena ikifikia kikomo hicho ieleze hali ya mwisho iliyoiona badala ya kusema tu kwamba imeshindwa.

Kinachobaki kwako ni simu mkononi. Kabla ya kila toleo, lipa shilingi moja, ghairi mara moja, zima simu mara moja, na usome ujumbe anaouona mzazi katika kila hali. Mashine itakuambia kwamba ujumbe upo, lakini ni wewe utakayejua kama mzazi aliyeshindwa kulipa ataelewa kwamba fedha zake hazikukatwa.

Mkaguzi_wa_Msimbo alijibu:

Naafikiana na ndugu Fundi, ila nina neno kuhusu zana. Mkusanyo wako wa Postman unaweza kuuendesha bila dirisha kwa kutumia Newman, zana ya mstari wa amri, ambayo kisa kimoja kikianguka humaliza kwa msimbo usio sifuri, na hilo hutosha kuzuia mabadiliko mabovu yasiunganishwe na msimbo mkuu. Hiyo ndiyo njia ya haraka kwako kwa kuwa visa unavyo tayari.

Hata hivyo mimi nisingeviacha huko visa vya mirejesho. Mkusanyo wa Postman huhifadhiwa kama faili moja kubwa ya JSON, na mwenzako anapotakiwa kukagua katika Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, kwamba umebadilisha sharti moja, huikuta mistari mingi isiyomweleza kitu. Kwa kuwa Python unaijua zaidi, viandike kwa pytest, zana ya majaribio ya Python, kila kisa kikiwa na jina linaloeleza kinachotarajiwa, na Postman ibaki kuwa mahali pa kupapasia API mpya unayokutana nayo mara ya kwanza.

Kila kisa kijitengenezee mwanafunzi wake na namba yake ya risiti. Visa vikichangia mwanafunzi mmoja, kuanguka kwa kimoja huangusha vinavyofuata, na utamaliza asubuhi nzima ukitafuta kosa mahali ambapo halipo. Tena usikiamini kisa chochote ambacho hujawahi kukiona kikianguka: nenda kwenye programu, ondoa ile kinga ya risiti kwa dakika moja, endesha majaribio, uone kisa kikianguka, kisha uirudishe.

Mlinda_Funguo alijibu:

Naomba niongeze onyo moja kwa sababu nimelishuhudia. Katika kazi yangu ya zamani mjaribu mwenzetu alitoa faili ya mazingira kutoka Postman na kuiweka katika hazina ya msimbo pamoja na mkusanyo wake, na ndani yake mlikuwa na siri ya programu ya mfumo halisi. Alipogundua aliifuta siku ileile, lakini Git huhifadhi historia, kwa hiyo siri ilibaki ikisomeka kwa yeyote mwenye nakala ya hazina hiyo. Siri ikishaingia humo, kuifuta hakutoshi. Ni lazima itengenezwe nyingine na ile ya zamani ibatilishwe. Funguo za majaribio na za mfumo halisi zisikae katika faili moja, na skripti yako izisome kutoka kwenye vigeu vya mazingira vya seva inayoendesha majaribio. Angalia pia kumbukumbu zinazochapishwa kisa kinapoanguka, kwani mara nyingi huchapisha ombi zima pamoja na tokeni na namba ya simu.

Mjaribu_Mombasa aliandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Zimepita wiki mbili na nimefika mbali kuliko nilivyotarajia. Visa 18 kati ya 23 sasa vinaendeshwa kwa pytest kwa kutuma mirejesho iliyohifadhiwa, na vyote humalizika kabla sijamaliza kikombe cha chai. Nilipoiondoa kinga ya risiti kama alivyoshauri Mkaguzi, kisa cha mirejesho miwili kilianguka, na nilipoirudisha kikapita. Kisa cha mzazi anayeghairi kilituonyesha kosa halisi: programu yetu ilikuwa ikitafuta CallbackMetadata bila kuuliza kama ipo.

Nimekwama mahali pamoja. Kisa kinachokagua ripoti ya makusanyo ya siku hupita ninapokiendesha mwenyewe mchana, lakini huanguka kinapoendeshwa na seva saa nane usiku. Malipo yapo na kiasi ni sahihi, ila ripoti ya siku hiyo huonyesha sifuri.

Fundi_Violesura alijibu:

Angalia saa ya seva. TransactionDate ni tarakimu 14 tu, haisemi ni saa za wapi, nayo huandikwa kwa saa za Nairobi, ambazo zimetangulia saa za ulimwengu (UTC) kwa saa 3. Seva nyingi za kuendeshea majaribio hufuata saa za ulimwengu. Kwa hiyo saa nane usiku kwenu, seva bado inahesabu saa tano usiku ya tarehe iliyotangulia, na ikiulizwa ripoti ya "leo" huitafuta tarehe ya jana, ambayo malipo yako hayamo.

Usilitatue kwa kuhamisha ratiba ya majaribio kwenda mchana, maana wazazi hulipa karo usiku pia, na ripoti ya mhasibu itakuwa na kosa lilelile. Programu itamke wazi kwamba inasoma TransactionDate kwa saa za Africa/Nairobi, ihifadhi kwa saa za ulimwengu, na ripoti ikate siku kwa saa za Nairobi. Kisha kisa chako kisitegemee saa ya kweli: kipe programu saa bandia, uijaribu dakika moja kabla ya saa sita usiku, dakika moja baada yake, na tena dakika moja kabla na baada ya saa tisa usiku, kwa sababu hapo ndipo tarehe ya saa za ulimwengu inapogeuka.

Mjaribu_Mombasa aliandika:

Ndivyo ilivyokuwa. Tulipoiangalia ripoti ya mwezi uliopita tulikuta malipo 6 ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yamehesabiwa katika tarehe isiyo yake, na mhasibu akasema sasa ameelewa kwa nini hesabu zake za kila siku zilikuwa zikikataa kulingana na taarifa ya M-Pesa ilhali za mwezi mzima zilikubaliana. Visa vinne vya usiku nimeviongeza na vyote vinapita. Vitano vilivyobaki nimeamua kuvifanya kwa simu kabla ya kila toleo, na mhasibu ameomba awepo siku ya Alhamisi tutakapovifanya, ili asome mwenyewe ujumbe anaoletewa mzazi ambaye salio lake halikutosha.