Kombi ya kulala ya 1974 yachemka ikipanda Mazeras: nivue injini, nibadilishe, au niuze?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:

Assalam aleikum jamaa, na wengine wote habari za asubuhi.

Nina Kombi ya kulala, Volkswagen ya 1974, ile yenye kioo kimoja kikubwa mbele na paa la kuinua. Niliinunua kwa mjomba wangu wa Tiwi. Yeye aliachiwa na wazee wawili wa Kijerumani aliokuwa akiwalindia nyumba. Wao wakarudi kwao, gari likabaki chini ya mwembe miaka sita. Mjomba hajui kuendesha. Kila Ijumaa alilipangusa vumbi, basi. Ndani mna sinki, meza ya kukunja, kabati la mbao na kiti kinachogeuka kitanda. Godoro la zamani, kona moja imetafunwa, lakini lalalika.

Hapa mjini sikuona tatizo. Nyali, Kongowea, Bamburi, laenda na mlio wake kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Tabu ilianza Agosti, nilipowaahidi watoto tutalala Voi. Miritini tulipita vizuri, tukaanza kupanda Mazeras nyuma ya malori. Niko gia ya nne, mguu umefika sakafuni, mara nguvu zikapungua, harufu ya oili iliyoungua ikaingia. Kitinda mimba wangu, amekaa nyuma kabisa, akasema, "Baba, kitanda chachoma." Nikaegesha, nikaweka mkono kwenye kile kifuniko cha bati juu ya injini, nikautoa mbio. Tukakaa kando ya barabara saa nzima tukila mahindi ya kuchoma, kisha tukageuza. Mama watoto hakutamka neno mpaka Makupa. Tulipofika Makupa akasema, "Uza."

Fundi wa kwanza alisikiliza mlio tu, hata boneti hakufungua, akaniambia injini imekwisha, shilingi 85,000 kuivua na kuifanya upya. Wa pili asema nitoe hiyo niweke ya Subaru. Juu ya hayo kuna kutu. Chini ya mlango wa kuburuta nilisukuma bisibisi kujaribu tu, ikazama mpaka kwenye mpini, ikatoka na unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Fundi wa bodi ataka kujaza faiba na kupaka rangi.

Nishaurini. Nalipenda hili gari, lakini sitaki kuwa kichekesho cha mtaa.

Makanyaga_Ball:

Msikize mama watoto. Uza, ununue Toyota Noah, ulale hoteli.

BintiDereva:

Usiuze bado. Marehemu baba yangu aliendesha watalii kwa Kombi hizi hizi, Mombasa mpaka Tsavo na kurudi, watu saba na masanduku yao, na Mazeras aliipanda wiki baada ya wiki. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa kiti cha mbele siku asizokuwa na wageni, na mkono wake kwenye gia naukumbuka kuliko sura za walimu wangu.

Kosa lako la kwanza umeliandika mwenyewe: gia ya nne, mguu sakafuni. Injini ile haina maji. Yapozwa na feni, na feni yazungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Injini ikizunguka polepole, upepo nao wapungua, huku wewe umeibebesha mzigo wote. Baba akiona mlima yuko mbali bado, ashaingia gia ya tatu. Acha ilie. Ikilia ndiyo yapumua. Malori yakikupita yakupite, dau la mnyonge haliendi joshi.

La pili alinifundisha kabla sijajua kusoma: ile taa nyekundu ya chaji ikiwaka safarini, simama pale pale. Si mpaka petroli stesheni, si mpaka kivulini. Mkanda ule ule unaozungusha jenereta ndio unaozungusha feni. Ukikatika, huna kipoza. Weka mkanda wa akiba na spana yake chini ya kiti chako, si nyuma chini ya masufuria.

Fundi_Tupu:

Huyo binti amesema kweli, nami niongeze ya gereji.

Kabla ya kumpa mtu 85,000, fanya mambo ya senti. Injini ya 1600 yameza oili lita mbili na nusu tu, na haina filta ya kuchuja kama magari ya leo, ina kichujio cha waya chini. Kwa hivyo oili yachafuka upesi. Imwage, osha kichujio, weka mpya. Halafu valvu, vile vilango vya kuingiza na kutoa hewa kwenye silinda. Zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla hujaiwasha, nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma iwe milimita 0.15. Kila kilomita 5,000 urudie. Valvu iliyobana haipigi kelele, yaungua kimyakimya, ndiyo maana fundi anayesikiliza mlio tu hakufai kitu.

Kisha fungua mlango wa nyuma wa injini, utazame pembeni kote. Mabati yale yanayoizunguka yapo yote? Na ule mpira mnene unaoziba mwanya kati ya mabati na bodi, upo? Watu hudhani ni mapambo. Kazi yake ni kutenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini kwenye eksozi. Ukikosekana, feni yavuta moto na kuurudisha kwenye injini. Nimeona Kombi tatu zikivuliwa injini bure kwa sababu ya mpira huo.

Nina swali moja. Umesema godoro limetafunwa kona. Hiyo sponji iliyotafunwa imekwenda wapi?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:

Fundi, mpira upo upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu, naona mpaka lami. Sponji sijui. Panya si walikula?

Fundi_Tupu:

Panya hali sponji. Panya hujenga.

Kalafati:

Mimi niseme la kutu tu, injini siijui.

Faiba na puti juu ya kutu ni kumpaka maiti hina. Mwezi mmoja utafurahi, wa pili rangi yavimba, wa tatu yaanguka kipande na bati lake. Pale chini ya mlango ndipo penye nguvu ya gari zima, kwa sababu Kombi haina chasisi ya peke yake kama lori. Mwambie akate mpaka afike bati zima linalong'aa, achomelee bati jipya, ndani apake rangi ya kuzuia kutu kabla hajafunga. Na vile vitundu vidogo vya chini asivizibe! Ndivyo vinavyotoa maji. Mafundi wetu wakiona tundu huona kosa.

Angalia pia chini ya betri, mfereji wa paa, na ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Inua zulia la dereva ushike sakafu kwa vidole.

Sasa jambo ambalo watu wa Mombasa hatulisemi. Wewe waosha gari wapi? Ukivuka feri Likoni wapata chumvi, hiyo twaijua, twakimbilia kuosha. Lakini maji ya visima vingi hapa kisiwani na Nyali yenyewe yana chumvi. Yaonje. Ukiosha chini ya gari kwa maji yale, wailisha kutu kwa pesa zako. Mimi nanunua mitungi miwili ya maji matamu, chini naosha kwa hayo, juu sijali sana.

Wazee wetu majahazi waliyapaka sifa, yale mafuta ya papa, juu na deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, chini, na mengine yaliwazika wao. Sisemi upake gari sifa, mama watoto hatakusamehe harufu hiyo. Lakini mafuta ya nta ya kupuliza ndani ya mashimo ya bodi ni fikra ile ile, na yafanywe kila mwaka.

Makanyaga_Ball:

Kalafati kaka, sifa ya papa ndani ya Kombi? Mbu wote wa Mtongwe watahama.

Swaleh_Piston:

Hamjajibu swali la Subaru. Mimi naunga mkono. Nguvu maradufu, mlima wapanda gia ya nne, na spea kila kona. Hata Volkswagen wenyewe, Brazili waliendelea kuzitengeneza Kombi mpaka 2013, na miaka ya mwisho waliziwekea injini ya kupozwa kwa maji, rejeta ya kupozea maji hayo ikabandikwa usoni. Mwenye mali mwenyewe alibadilika, sisi ni nani?

Fundi_Tupu:

Swaleh, pale kiwanda kizima kilipanga mahali pa rejeta. Hapa fundi atatoboa sakafu mabomba yapite mpaka mbele, na sakafu yenyewe umeisikia hali yake. Breki na giaboksi zilitengenezwa kwa injini ya farasi hamsini. Na namba ya injini iko kwenye logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, ukibadilisha injini lazima ukaandikishe mpya, la sivyo siku ya kukaguliwa utaeleza mpaka jua litue. Suala la spea si tatizo kama watu wanavyodhani. Kobe, ile Beetle, Meksiko waliitengeneza mpaka 2003 kwa injini ya 1600 ya jamii hii hii. Pistoni, gaskiti, mikanda, vyote vyapatikana vipya. Sisemi ni haramu. Nasema usimtibu mgonjwa kwa kumkata kichwa kabla hujampima homa.

Baraza_la_Sheria:

La pembeni, fupi. Logbuku iko kwa jina la nani? Kama ni la mjomba, fanyeni uhamisho kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, wiki hii, yeye aanzishe nawe ukubali. Mzee akitangulia mbele ya haki kabla hamjafanya, gari litaingia kwenye mirathi, na utashangaa una mabinamu wangapi wanaopenda Kombi.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:

Jamaa, narudi na habari. (Baraza, ahsante, liko kwa jina lake, jana tumefanya.)

Jumamosi tulishusha injini mimi na shemeji yangu, kwa jeki na mbao mbili. Sikujua ni nyepesi hivyo. Tulipoondoa lile bati kubwa la feni, shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Juu ya silinda mbili za upande wa kushoto mlikuwa na kiota kizima kama mto wa mtoto: sponji ya manjano ya godoro langu, makumbi ya nazi, majani ya mwembe, na kipande cha pazia ambalo mama watoto amelitafuta tangu tununue gari. Zile mbavu za silinda zinazopaswa kupitisha upepo zilikuwa zimezibwa tiki, na upande wa chini sponji ilikuwa imeungua nyeusi. Silinda za upande wa pili safi kabisa. Fundi_Tupu, nimekuvulia kofia.

Valvu mbili za upande ule zilikuwa zimebana, kipimo hakipiti hata kidogo. Tumezirekebisha. Kwenye kijiti oili ilikuwa nyeusi, inanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Kilichonitisha zaidi ni mpira wa petroli. Nilipouvuta kuuchomoa ulikatika mkononi kama mkate mkavu. Mpira huo uko juu ya injini iliyokuwa ikichemka, na watoto wangu wamekaa juu yake.

Fundi_Tupu:

Alhamdulillahi umeuvuta ukiwa kwako. Hilo nalo huziua Kombi, si kutu peke yake. Badilisha mpira wote, kutoka tangi mpaka kabureta, na klipu zake, na kama kuna filta ya petroli ndani ya chumba cha injini ihamishe iwe nje, karibu na tangi. Bloku ya injini hii ni magnesiamu. Ikishika moto yenyewe, maji huzidisha, na utakalobaki nalo ni kusogeza watu mbali. Kizima moto kiweke karibu na mlango wa mbele, ukipate ukiwa nje.

BintiDereva:

Na ukishamaliza petroli, geukia gesi ya jiko. Ule mpira nao ni wa umri gani? Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja yatambaa sakafuni, pale pale watoto wanapolala. Funga mtungi kwenye koki yake kila unapoondoka, na upikie nje, kuna upepo wa bure.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:

Nimebadilisha yote mawili. Mpira wa kuzunguka injini nimeagiza. Kwa sasa nimeziba mwanya kwa kipande cha mpira wa kanvasi ya lori, shemeji amekikata kwa kisu cha samaki.

Jana alfajiri nilikwenda peke yangu na shemeji mpaka Mariakani. Mazeras niliingia gia ya tatu mapema, lori la simiti likanipita, likapiga honi, nikampungia mkono. Juu kabisa nikasimama, nikaweka kiganja kwenye kifuniko cha bati. Moto, lakini washikika. Nikahesabu mpaka ishirini.

Kutu bado. Fundi wa kuchomelea bati, kama alivyoshauri Kalafati, nitakwenda kwake Novemba, mvua za vuli zikiruhusu. Mama watoto ameacha kusema "uza", sasa asema "tutaona", na amedai pazia jipya.

Swali la mwisho: turubai la paa la kuinua limeoza kwenye mikunjo, lina madoa meusi ya kuvu. Nashona wapi, na kwa kitambaa gani?

BintiDereva:

Usiweke lile la plastiki la maturubai ya harusi. Ndani mtalala kama ndizi zilizovundikwa, asubuhi maji yadondoka. Tafuta kanvasi ya pamba, inayopumua, kwa mafundi wanaoshona maturubai ya malori. Mpelekee lile la zamani likiwa zima, usilifumue, alipime nalo. Na ukirudi safari na paa limelowa, liinue tena nyumbani mpaka likauke, ndipo ulifunge.