Faili sugu linalogoma kufutika kwenye kompyuta ya zamani: tupeane uzoefu

mzee_wa_kibodi
Wakuu, heshima zenu. Najua wengi wenu mko kwenye mashine za kisasa, ila wengine bado tuna kompyuta za mezani zenye Windows XP, kwa sababu printa na programu ya kazi haziendi kwenye kitu kingine. Yangu ina filamu ya AVI iliyokatikia njiani wakati inashushwa, umeme ulipoondoka. Nikiifuta naambiwa inatumiwa na mtu mwingine au programu nyingine. Mtu mwingine yupi, na mashine kwa sasa haina hata intaneti? Aliyewahi kupambana na faili la namna hii aseme lilikuwa lipi na lilitokaje. Wale wa "piga fomati" naomba mpumzike kwanza.

BintiSteshenari
Shikamoo mzee. Huyo mtu mwingine ni Windows yenyewe. Kwenye XP ukiligusa tu faili la video, Explorer, yaani ile programu inayokuonyesha mafolda na desktop, inalichungulia ili ikuambie video ina urefu gani. AVI huweka faharasa yake mwishoni. Lako halina mwisho, kwa hiyo Explorer inalipekua lote ikiitafuta, na muda wote huo imelishikilia. Ndiyo maana ukiliacha muda mrefu linaweza kukubali, ukiligusa tena linagoma.

Nilichofanya kwenye mashine ya dukani: nilifungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandika amri, nikaingia kwenye folda husika kwa amri ya cd. Kisha Ctrl+Alt+Delete, na kwenye Task Manager, yaani orodha ya programu zinazotembea, nikaua explorer.exe, ndiyo hiyo Explorer. Usishtuke, ikoni zote na ule mstari wa chini vitapotea, litabaki dirisha lako jeusi. Hapo nikaandika del na jina la faili, likaondoka bila neno. Kurudisha desktop, kwenye Task Manager nenda File, New Task, andika explorer.

Kama una video mbovu nyingi, fungua Run uandike regsvr32 /u shmedia.dll. Uchunguliaji unakoma kabisa. Utakachokosa ni taarifa za video na vipicha vyake. Ukitaka virudi, andika amri ileile bila /u.

mzee_wa_kibodi
Marahaba binti. Ngoja mteja huyu aondoke nijaribu.

saiba_ya_kona
Mimi nilikuwa naendesha saiba hapa Mombasa, na adui yangu hakuwa AVI bali vijana wa sekondari. Walikuwa wanatengeneza folda linaloitwa con kwenye diski D, halafu wanakaa pembeni kutazama ninavyohangaika. Bonyeza kulia, futa, wapi!

Con ni jina lililotengwa tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, 1981 huko. Linamaanisha kibodi na skrini. Wenzake ni prn kwa printa, aux, nul, com1 hadi com9 na lpt1 hadi lpt9. Windows ikisoma jina hilo inadhani unazungumzia kifaa, kwa hiyo hailioni folda. Dawa ni kuipitisha njia ya pembeni isikague jina: rd \\.\D:\con kwa folda, au del \\.\D:\con kama ni faili. Nilipoijua hiyo amri, raha yao ikaisha, wakahamia kubadilisha picha za desktop.

Nahodha
@saiba_ya_kona umenikumbusha chanjo ya flashi! Enzi zile virusi vilikuwa vinaenea kwa faili la autorun.inf: ukichomeka flashi na kuifungua tu, umeambukizwa. Mafundi wakawa wanatuwekea folda tupu lenye jina hilohilo, kwa kuwa faili na folda haviwezi kuwa na jina moja mahali pamoja, basi kirusi kikija kinakosa pa kukaa. Na ili kirusi kisilifute, ndani yake wanaweka con au lpt1.

Sasa miaka imepita, dada yangu ananiletea flashi analia ina kirusi sugu, autorun.inf haifutiki kwa antivairasi yoyote. Nikaangalia, kumbe ni chanjo! Nikaondoa cha ndani kwanza kwa rd \\.\E:\autorun.inf\con, kisha folda lenyewe. Kwangu mimi ningeiacha, haikuwa na ubaya, ila alishaiogopa.

Kama ni kirusi kweli, attrib -s -h -r autorun.inf ndiyo inayokiondolea ufichaji na ulinzi, halafu del. Kikirudi baada ya sekunde chache ujue mama yake bado anatembea ndani ya kompyuta. Kusafisha flashi peke yake ni kupoteza muda.

mhasibu_wa_kijijini
Langu halikuwa faili bali folda zima la mtumiaji wa zamani. Fundi aliweka XP upya, tukawa tunaambiwa ruhusa imekataliwa. Windows mpya haimtambui mmiliki wa zamani hata kama jina ni lilelile. Kwenye XP Home ile sehemu ya Security haionekani mpaka uingie Safe Mode, ile hali ya kuwasha Windows na vitu vya msingi tu: bonyeza F8 mashine ikiwaka, ingia kama Administrator, kisha Properties, Security, Advanced, Owner, ujimilikishe. Kuanzia Vista, Windows iliyofuata XP, unatumia amri za takeown (kujimilikisha) na icacls (kujipa ruhusa). Msije mkazijaribu kwenye folda la Windows lenyewe, tafadhali.

saiba_ya_kona
Na jina refu je? Kuna mwalimu alikuwa ananakili folda la mitihani ndani ya folda la mitihani, kila muhula. Njia nzima ya faili, yaani majina ya mafolda yote yakifuatana mpaka jina lake, ikipita herufi 260, hapo kufuta ni shida. Badilisha majina ya mafolda ya juu yawe a, b, c, njia inafupika, linafutika.

penguini
Mnajitesa. Chomekeni CD yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, washeni kompyuta nayo, futeni, mwondoke. Haijali con wala mmiliki.

Nahodha
Penguini na wewe! Mashine yenye RAM ya MB 256 utaiwashia Linux nzito kama Ubuntu?

penguini
Puppy Linux, ile nyepesi, inatosha hapo. Ila kitu kimoja: izimeni Windows kikamilifu. Mkiiacha kwenye hibernate, yaani imelala bila kuzimwa kabisa, diski inafunguka kwa kusoma tu na hamtafuta kitu.

mzee_wa_kibodi
Filamu imeondoka kwa njia ya kuua explorer. Asante binti. Lakini sasa kuna folda jingine pembeni, linasema limeharibika na halisomeki. Amri zote hapo juu zimegonga mwamba.

BintiSteshenari
Mzee, usiendelee na amri za kufuta. Hapo kumbukumbu za diski yenyewe zimevurugika, huenda ni kule kukatika kwa umeme. Nakili kwanza kazi zako zote kwenye flashi au diski nyingine. Ukisikia diski inagonga tiki-tiki, ishia hapo, nunua nyingine. Kama iko kimya, andika chkdsk D: /f, amri ya kukagua na kurekebisha diski, kama folda liko D. Likiwa C itakuomba isubiri mpaka uwashe upya, jibu Y. Inaweza kuchukua muda mrefu na usiizime katikati, kwa hiyo kama UPS yako haina betri nzuri, fanya siku yenye umeme wa uhakika.