Mjadala: Kwa nini tunazifungia video za nyimbo na kuyaachia matangazo ya kamari?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Ninaleta hoja ambayo nimekaa nayo kwa muda mrefu, na ninaomba kila atakayeipinga aipinge kwa uwazi, kwa sababu ninataka kusahihishwa mahali nilipokosea. Kwa maoni yangu, mamlaka zinazosimamia maudhui hapa Tanzania zimeelekeza jicho kali kwenye video za nyimbo, ilhali matangazo ya biashara, hasa ya michezo ya kubahatisha, yanaingia sebuleni bila hodi. Ninaona mpangilio huo umepinduka. Wimbo tunaufuata wenyewe, lakini tangazo linatufuata sisi, na kwa hiyo tangazo ndilo linalostahili kubanwa kwanza.

Isidhaniwe kuwa ninayachukia matangazo. Baadhi yake ninayapenda kama wengine wanavyopenda nyimbo za zamani. Watu wa rika langu hawajayasahau matangazo ya redioni ya Fataki, yaliyoanza kusikika mwaka 2008, ambamo mtu mzima mwenye vijisenti alimnyemelea msichana wa shule, na kila mara mtu wa karibu akatokea na kuivuruga njama yake. Jina lile lilitoka redioni likaingia mtaani, na mpaka leo ukisema mzee fulani ni fataki, hakuna atakayekuuliza una maana gani. Mwaka 2010 wanamuziki wetu wakakusanywa katika kampeni ya Zinduka, yenye kaulimbiu ya "Malaria haikubaliki", na kazi yao ilipopita kwenye televisheni mtazamaji alishindwa kutofautisha kama anaangalia tangazo la chandarua au video ya wimbo wa Bongo Fleva. Tangazo likifanywa kwa akili na kwa nia njema, linaweza kuokoa binti na linaweza kuiongezea lugha neno jipya. Nguvu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi pale inapouza kitu kibaya.

Sasa tuangalie ni nani amekuwa akiadhibiwa. Mei 2016 Serikali iliifungia video ya wimbo "Chura" wa Snura kwa sababu ya uchezaji wa wanawake waliomo. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) likaufungia "Mwanza" wa Rayvanny akiwa na Diamond Platnumz, kwa maneno yaliyoonekana kukiuka maadili. Januari 2021 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ikakisimamisha kituo cha Wasafi TV baada ya kurusha tamasha ambalo msanii wake mmoja alipanda jukwaani na vazi lisilofaa. Septemba 2022 ikafuata video ya "Mtasubiri" ya Diamond na Zuchu, iliyoondolewa kwenye vyombo vya utangazaji kwa sababu ya kipande kilichoigizwa kanisani.

Kisa hiki cha mwisho kina mafunzo mengi, na ninaomba nikae nacho kidogo. Video ile ilikuwa imetoka miezi kadhaa nyuma, na ilikuwa imekwisha kutazamwa mara mamilioni kwenye YouTube. Aliyetaka kuiona alikuwa ameshaiona, na ambaye hakuwa amesikia habari zake alizisikia siku ya katazo, akaitafuta usiku uleule. Sisemi kwamba waumini waliochukizwa hawakuwa na haki ya kuchukizwa. Mimi mwenyewe ni mtu wa ibada, na kipande kile hakikunipendeza. Ninachosema ni kwamba hatua iliyochukuliwa haikumlinda mtoto hata mmoja, kwa sababu ilikuja maji yakiwa yamekwisha kumwagika, na ilikuja kwa kazi ambayo mtu huifungua kwa kidole chake mwenyewe.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nyumbani kwa dada yangu, tukisubiri taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa sakafuni na daftari la hesabu. Tangazo likaingia: kijana amekaa kibarazani, simu mkononi, anabonyeza mara moja, noti zinamwagika kama mvua ya masika, wenzake wanambeba juujuu, na mwanamuziki ambaye kila mtoto wa mtaa ule anamjua anatokea akicheza katikati yao. Mwishoni sauti ikasoma, kwa kasi ambayo hata mimi nililazimika kutega sikio, kwamba umri wa kucheza ni kuanzia miaka 18 na kwamba mtu acheze kistaarabu. Mtoto aliweka penseli chini akaniuliza: "Mjomba, buku moja inatosha?" Nilimuuliza hiyo shilingi elfu moja inatosha kwa nini. Akajibu: "Kuweka mkeka." Kabla ya utabiri wa hali ya hewa nilikuwa nimehesabu matangazo manne ya namna hiyo, ya kampuni tofauti. Neno mkeka katika maana hiyo, yaani orodha ya mechi anazobetia mtu, mtoto yule hakulipata shuleni, wala hakulipata kwa baba yake, ambaye hajawahi kubeti.

Wapo watakaosema kwamba kuzuia tangazo ni kuzuia biashara halali yenye leseni na inayolipa kodi. Sigara nayo inauzwa kihalali na inalipa kodi. Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, na Kenya iliyapiga marufuku matangazo ya sigara kwa sheria yake ya mwaka 2007, lakini anayetaka sigara bado anaipata dukani. Maziwa mbadala ya watoto wachanga nayo yanauzwa katika kila duka la dawa, ila tangu mwaka 1994 tunazo kanuni zinazodhibiti namna ya kuyanadi, zilizofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1981, kwa sababu ilionekana wazi kwamba tangazo zuri linaweza kumfanya mama aache kunyonyesha. Biashara imebaki, ushawishi umepunguzwa. Ninaomba kamari iwekwe kwenye fungu hilohilo: isitangazwe kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na wanamuziki na wachezaji mpira wasitumike kuinadi saa yoyote. Video za nyimbo zipangiwe saa za kurushwa kulingana na umri wa watazamaji, badala ya kufungiwa.

Mchangiaji wa kwanza (mwalimu, Tanga)

Ndugu mleta mada, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu zangu. Kuhusu kamari ninakuunga mkono kwa asilimia zote, kwani ninao wanafunzi wa kidato cha pili wanaojua ligi za Ulaya kuliko wanavyojua majira ya nukta, na wanazijua kwa sababu ya mikeka. Hata hivyo, kauli yako kwamba wimbo tunaufuata wenyewe haina ukweli kwa mtu anayesafiri kwa basi.

Mwezi uliopita nilipanda basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam kuja Tanga. Skrini ilikuwa juu ya kichwa cha dereva, na tangu Kibaha hadi Segera zilipigwa video za nyimbo mfululizo, nyingine zikiwa na wasichana waliovaa karibu na kutokuvaa, kamera ikiwa imewainamia kiunoni kana kwamba hawana nyuso. Pembeni yangu alikaa mama mmoja na wanawe wawili wa kiume, na kwa muda mrefu wa safari alikuwa amemfunika mdogo macho kwa ncha ya mtandio wake. Nilimwomba kondakta abadilishe, akaniambia abiria wengine wanapenda. Mama yule hakuchagua chochote. Hakuna tofauti kati ya video ile na tangazo lako la saa 2 usiku.

Wengi hutetea video hizi kwa kusema kwamba kukata kiuno ni mila yetu. Mimi ni mtoto wa Pwani, na somo yangu, yaani kungwi wangu, alinifundisha ninayopaswa kuyajua. Lakini alinifundisha ndani, mlango umefungwa, wanawake peke yetu, na aliyekuwa hajafikia umri hakuruhusiwa hata kuchungulia. Chakacha ya harusini ilikuwa na uwanja wake na watu wake. Mambo ya ndani yalipotolewa barazani yaligeuka kuwa kitu kingine, hata kama kiuno ni kilekile. Kwa hiyo wanaolalamika si watu wasioijua mila, na ninaomba tusiwaite washamba.

Mchangiaji wa pili (Nairobi)

Huku Kenya tumepitia njia hiyohiyo, na pengine uzoefu wetu utawasaidia. Machi 2013 palikuwa na tangazo la runinga la kuhimiza kondomu: wanawake wawili wanazungumza sokoni, mmoja anamshauri mwenzake aliye na mpango wa kando, yaani mpenzi wa nje ya ndoa, ajikinge. Viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walilalamika kwa pamoja, na tangazo likaondolewa haraka. Mwaka 2016 bodi yetu ya filamu, KFCB, ikaitaka Coca-Cola iondoe kipande cha watu wanaobusiana katika tangazo lake, na kipande kikaondolewa. Busu moja liliondoka kwa mazungumzo mafupi.

Kamari nayo? Ilibidi tufike Mei 2019 ndipo bodi inayosimamia michezo hiyo ikatoa masharti ya kuyaondoa mabango barabarani, kuwakataza watu mashuhuri kuinadi, na kuyafungia matangazo redioni na runingani kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, yaani saa zilezile anazozipendekeza mleta mada. Kampuni hazikukaa kimya; mambo yalifika mahakamani, na matangazo yakaendelea kuonekana. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi hiyo ikalazimika kuyasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Kwa hiyo ninawaonya ndugu zetu: kuandika saa kwenye kanuni ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kumpata mtu wa kukaa mbele ya runinga, aandike kilichorushwa na saa kiliporushwa, kisha apeleke malalamiko yenye ushahidi.

Mchangiaji wa tatu (mtengenezaji wa video, Dar es Salaam)

Nitasema jambo moja tu kutoka upande wa kamera. Watu wanaotengeneza video za nyimbo na wanaotengeneza matangazo mara nyingi ni walewale: mpiga picha yuleyule, mwalimu wa dansi yuleyule, hata wasichana wa kucheza ni walewale. Tangazo la sekunde 30 hupitiwa na mteja picha kwa picha, na fedha inakuwa imekwisha kulipwa. Video ya wimbo mara nyingi msanii chipukizi huilipia kwa mkopo au kwa kuuza kitu chake. Inapofungiwa, anayeumia ni yeye. Nimewahi kupiga kiuno kilekile mara mbili katika mwezi mmoja, mara ya kwanza kikiuza kinywaji na mara ya pili kikiwa ndani ya wimbo. Wimbo uliitiwa maelezo. Kinywaji bado kinatangazwa.

Mleta mada (Dar es Salaam)

Ninawashukuru nyote, na shikamoo mwalimu, kwani kwa maelezo yako naona umenitangulia.

Ninakubali kuhusu basi. Nilipoandika kwamba wimbo tunaufuata wenyewe nilikuwa ninamfikiria mtu aliyekaa na simu yake, nikamsahau mama mwenye mtandio. Basi, kinyozi, hoteli ya chakula na ukumbi wa kusubiri hospitalini ni mahali ambapo skrini ni ya wote na mwenye rimoti ni mmoja. Hapo sheria iingie, na iingie kwa mwenye skrini: mmiliki wa basi awajibike kwa anachokionyesha abiria wakiwa wamefungwa mikanda, kama anavyowajibika kwa mwendo kasi. Bado hilo haligusi kazi yenyewe. Video inayozuiwa ndani ya basi saa 2 asubuhi inaweza kuonyeshwa kituoni saa 5 usiku, na msanii wake asiitwe kutoa maelezo mbele ya mtu yeyote.

Kuhusu mila, maneno ya mwalimu kwamba jambo lina mahali pake na watu wake yananifaa kuliko hoja yangu mwenyewe, na nitayatumia nikiruhusiwa. Kumbe sisi tulikuwa na utaratibu wa kupanga maudhui kwa umri kabla televisheni haijafika Bara mwaka 1994: somo alijua nani aingie, nani abaki nje.

Ndugu yetu wa Nairobi amenigusa mahali penye ukweli. Nimelalamika kwa miaka miwili na sina karatasi moja ya ushahidi zaidi ya hesabu ya usiku ule kwa dada yangu. Kwa hiyo ninapendekeza tuanze wenyewe. Kuanzia Jumatatu, kwa siku saba, nitakaa mbele ya televisheni kutoka saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, nikiandika kila tangazo la kamari: kituo, saa, kipindi kilichokatizwa, na kama kuna mwanamuziki au mchezaji ndani yake. Ninahitaji watu wawili wa kuchukua vituo vingine, na mtu mmoja wa redio, hasa vipindi vya michezo vya asubuhi. Mwalimu, kama wanafunzi wako wa kidato cha pili wanasikiliza redio kabla ya kuingia darasani, ninaomba uniandikie ni vituo gani. Daftari likijaa tutalipeleka kwenye Kamati ya Maudhui ya TCRA, likiwa na majina ya vituo na saa zake.

Atakayechukua redio aseme hapa chini kabla ya Jumapili.