Naomba ushauri: kubadili rangi ya laptopu ya alumini
Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Nina MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1, rangi ya fedha, nami natamani sana iwe ya kijani kilichokolea. Fundi mmoja alipendekeza rangi ya kupuliza, lakini nilisita, kwa kuwa mashine hii haina feni na hutegemea bodi yake ya nje ya alumini kupoza joto, tena rangi huweza kuziba matundu ya spika. Nimebandika stika ya vinaili kwenye mfuniko pekee. Inapendeza kweli, ila kingo zimeanza kubanduka.

Je, nikiibandika hadi upande wa chini itazuia joto kutoka? Na kwa waliowahi kuibandua, mabaki ya gundi husafishwaje bila kuchubua alumini? Natanguliza shukrani.